Gari Dogo na Sikio la Fundi

Babu alizikwa saa saba mchana. Sisi tulifika saa kumi na moja jioni, udongo umeshafunikwa, viti vya kukodi vinapakiwa kwenye lori. Shangazi hakusema neno. Alimtazama binamu yangu kutoka kichwani hadi miguuni, akageuka akaingia jikoni.

Tulitoka Nairobi saa kumi alfajiri kwa gari la binamu: gari dogo la Kijapani, milango minne, gia tano za mkono. Alilinunua kwa akiba ya miaka mitatu, na tangu siku hiyo hakuacha kulishughulikia. Springi alizikata ili gari lilale chini. Ekzosi akaitoa ya kiwandani akaweka bomba pana, likawa likipita mtaani watoto wanaziba masikio. Rimu kubwa, tairi nyembamba. Hata taa za deshibodi alizing'oa akaweka za buluu, na katika kuzing'oa ile nyekundu ya oili hakuirudisha. Mabarobaro wa mtaa walimwita "Dereva wa Safari". Naye alilipenda jina hilo.

Kupita Mtito Andei kidogo, kulikuwa na tuta lisilokuwa na alama. Tulisikia "ng'wii!" chini ya miguu yetu, tukacheka. Hatukujua kwamba kasha la oili limepasuka. Tuliendelea na safari, muziki juu, bomba likinguruma, na injini ikawa inagonga pole pole kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye harusi. Hakuna aliyeisikia. Kabla ya Voi, katikati ya Tsavo, ikanyamaza kabisa.

Huko si mahali pa kushuka utembee kwa miguu, kwa maana ndovu hawana habari na matanga yako. Mabasi ya Mombasa yalipita yamejaa. Tulipiga simu nyumbani. Tukaambiwa padre ana maziko mengine jioni, hawezi kungoja. Saa sita mchana ndipo lori moja likatuburuta hadi Voi.

Wiki mbili baadaye tulilipeleka gari lile Nairobi, kwa fundi mmoja wa Kirinyaga Road, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, miwani imefungwa kwa uzi. Aliingia chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono, akauliza: "Nani alikata springi hizi?"

Binamu akajibu, "Ni mimi, Mzee."

"Na bomba hili?"

"Mimi."

"Sasa kijana wangu, gari ulilishusha, halafu ukalitia kelele ili usilisikie. Wewe unaitwa Dereva wa Safari? Safari ipi? Joginder alikuwa akilipandisha gari juu, na alikuwa akilisikiliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Nilitaka kujua kama mzee yule alisema kweli, au ni yale yale ya wazee kusifu siku zao. Nilitafuta, nikasoma, nikauliza. Na nilichokipata, msomaji, ni historia ambayo sisi vijana wa mjini tunaivaa kama fulana bila kujua ilishonwa na nani.

Tuanze mwanzo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Wazo lilitoka kwa walowezi wachache wa Kenya waliochoka kuzunguka kwenye kiwanja kimoja kama ng'ombe wa kinu. Walitaka kufunga mlango wa gari, kwenda mbali, kurudi, na wa kwanza kufika awe mshindi. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Ni lazima tukumbuke mwaka wenyewe. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952. Wakati magari hayo yakipewa bendera, Waafrika wengi hawakuweza hata kutembea kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kipande na kibali. Barabara ilikuwa ya wote kwa kuichimba, lakini si ya wote kwa kuipita. Jambo hilo halifutiki kwa vumbi la magari, nami silifuti hapa.

Lakini ndani ya mashindano yale kulikuwa na kanuni moja ya ajabu. Mwanzoni magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, yaligawanywa kwa bei yake dukani. Maana yake, mashindano yaliulizia gari ambalo mtu wa kawaida (wa kawaida kwa hesabu za walowezi, bila shaka) angeweza kulinunua: je, litastahimili barabara zetu? Ndiyo sababu katika miaka ya kwanza Volkswagen dogo, lile la mgongo wa kobe, liliweza kuyaaibisha magari makubwa.

Na barabara zenyewe! Kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika zinaanza. Asubuhi unakula vumbi linaloingia hadi kwenye meno, jioni umezama kwenye udongo mweusi unaonata kama ugali usioiva. Kilomita zilikuwa maelfu, siku na usiku, kwenye barabara za umma zisizofungwa: unakutana na lori, ng'ombe, na mama mwenye mzigo wa kuni. Ilikuwa na misiba yake pia, wala si wote waliorudi nyumbani. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968, tena saba.

Sasa sikiliza jambo hili. Kuanzia 1953 hadi 1971, hakuna dereva mgeni kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda Safari. Walikuja mabingwa wa Ulaya, walikuja na viwanda nyuma yao, na wote walishindwa na wakazi. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Ilibidi tungoje hadi 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Finland, kwa Ford Escort, akavunja mwiko huo.

Kwa nini? Mimi ninavyoona, wageni walikuja na gari la mbio, wenyeji walikuja na gari wanaloishi nalo. Mgeni alijua gari linaweza kwenda kasi gani. Mwenyeji alijua litavunjika wapi.

Hapo ndipo anapoingia Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji Nairobi, na humo ndimo kijana alimojifunza ufundi: mikono kwenye grisi kwanza, usukani baadaye. Alifanya kazi ya kuzunguka barabarani kuwasaidia wenye magari yaliyoharibika, kazi ya chama cha wenye magari cha wakati huo. Fikiria, msomaji, ni shule gani hiyo. Kila siku unaona gari limekufa kando ya njia, na kila siku unauliza: limekufa kwa nini?

Mwaka 1965 alishiriki Safari kwa Volvo PV544, yeye na ndugu yake Jaswant. Gari hilo halikuwa jipya. Kiwanda kilikuwa kimeyaleta magari ya aina hiyo kwenye Safari ya 1964, mambo yakaenda vibaya, na moja likabaki huku. Joginder akalichukua hilo lililobaki. Umbo lake lilikuwa limeshapitwa na wakati, mgongo wa mviringo kama magari ya miaka ya arobaini, na mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza. Gari la mitumba, basi, kama tungelisema leo. Akalifungua, akalikaza, akalifunga upya kwa mikono yake. Alishinda akiwa mbele ya wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Watu wakampa majina: Simba wa Kenya, Kalasinga anayeruka. Lakini jina lililomfaa zaidi ni lile ambalo hakuna aliyeliandika gazetini: fundi.

Halafu ikaja Lancer. Mitsubishi walilitoa gari hilo mwaka 1973, na aina yake ya mbio iliitwa 1600 GSR. Hebu tulitazame kwa jicho la kijana anayepita Grogan leo. Silinda nne. Injini isiyofika hata lita moja na sehemu sita kamili. Kabureta mbili. Gia tano za mkono. Nguvu zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Nyuma kabisa, springi za majani kama za pikapu ya kubebea kabichi. Gari lenyewe halikufika tani moja. Ukilisimamisha kando ya magari ya leo ya mtaani, utadhani ni mtoto wao.

Pasaka ya 1974 mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Joginder, akisomewa njia na David Doig, aliliingiza Lancer hilo katika matope yale, na mwishoni nyuma yake alikuwa Björn Waldegård katika Porsche 911. Mwaka 1976 akarudia. Na mwaka huo haikuwa yeye tu: wa kwanza Lancer, wa pili Lancer ya Robin Ulyate, wa tatu Lancer ya Andrew Cowan.

Basi, gari kama hilo lilibadilishwa vipi ili liende Safari? Hapa ndipo binamu yangu anapopaswa kukaa chini asikilize.

Kwanza lilipandishwa. Springi ngumu zaidi, shoki imara zaidi, ili tumbo la gari likae mbali na mawe. Pili, chini ya injini ilifungwa kinga nzito ya chuma, kwa sababu kasha la oili ndilo moyo wa gari ulioachwa wazi. Tatu, bodi iliongezewa sehemu za kuchomelewa pale kiwanda kilipoona zinatosha, kwani barabara ya Safari huifungua bodi kama mtu anavyomenya ndizi. Tangi kubwa la petroli. Tairi za akiba mbili. Ngao mbele kwa ajili ya wanyama, na juu yake taa za kulifukuza giza. Ndani, mabomba ya chuma ya kulinda vichwa gari likipinduka. Nguvu za injini ziliongezwa pia, siwezi kukudanganya. Lakini nguvu zilikuja baada ya uimara. Kila kilichoongezwa kilijibu swali moja: litavunjika wapi?

Na kila kisichojibu swali hilo kilikuwa uzito tu.

Halafu kuna suala la gia. Vijana wengi wa sasa wanajifunza gari la gia kwa ajili ya leseni, kisha hawaligusi tena. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa yanajibadilishia gia yenyewe. Sina ugomvi nayo. Kwenye foleni ya Thika Road hata mimi ningelitamani. Lakini gari la gia ni kama mtu unayeongea naye, nalo linajibu. Ukiingiza gia ya pili mapema mno, linalalamika. Ukichelewa, linapiga kelele. Ukiteremka mlima ukategemea breki peke yake, zitachemka zikuache mkono. Lakini ukishuka gia ya tatu, ya pili, injini yenyewe inalishika gari kama mtu anayemshika mbuzi kwa kamba. Kwenye matope, mguu wa kushoto juu ya klachi ndio unaojua kama magurudumu yanashika au yanazunguka bure. Joginder hakuwa na kompyuta ya kumwambia hayo. Alikuwa na nyayo, kiganja na masikio.

Ndiyo maana kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Watu husifu ushindi wake mara tatu. Mimi nasifu hiyo kumi na tisa. Katika mashindano ambayo mara mbili yalibakiza magari saba tu, mtu mmoja alilirudisha gari lake nyumbani mara kumi na tisa. Huo si ujasiri peke yake. Ni kusikia.

Hakuwa peke yake pia. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda Safari mara tano, na hakuna aliyempita hadi leo: 1973 kwa Datsun 240Z, halafu miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet, gari la umbo la kawaida kabisa, kama lile la mwalimu mkuu. Mwaka huo wa 1973 yeye na Harry Källström walilingana pointi; Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Yaani alishinda kwa kuchelewa kukosea.

Baadaye pesa ziliingia. Katika miaka ya 1980 zilikuja injini za tabo, kisha magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na helikopta za kuwafuata madereva angani. Fundi mwenye gereji yake hakuweza tena kushindana na kiwanda. Bado kuna nyakati gari dogo lilitikisa kichwa: mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari katika nafasi ya 12 kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 660 tu, ndogo kuliko ya pikipiki nyingine. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda kwa Toyota Celica. Baada ya mwaka 2002 Safari ikatoka kwenye ubingwa wa dunia, ikarudi 2021 ikiwa nyingine: fupi zaidi, kwenye njia zilizofungwa kwa usalama, na kituo chake Naivasha. Joginder alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 81.

Kwa hiyo mzee wa Grogan alisema kweli. Na ukweli huo ulinichoma kwa sababu nyingine, ambayo sikuitaja mwanzoni.

Babu yetu alikuwa shabiki wa Safari. Katika miaka fulani njia ilipita Milima ya Taita, na kila Pasaka alipotueleza habari hizo alikuwa akisimama, akinyoosha kidole kwenye kona iliyo chini ya nyumba yake. Alituambia jinsi watu walivyolala kwenye baridi wakingoja. Sisi tulitaka kujua jambo moja tu: "Babu, yalikuwa yanakwenda kasi gani?" Naye hakuwahi kujibu swali hilo. Alisema, "Usiku ule, gari la Joginder ulilijua kabla hujaliona. Mengine yalikuja yanalia. Lake lilikuja linaimba."

Tulidhani ni maneno ya mzee. Mtu aliyetueleza maana ya kulisikiliza gari, tulikosa kumzika kwa sababu hatukulisikiliza letu.

Sitaki kumlaumu binamu yangu. Nilikuwa kiti cha mbele, ni mimi niliyeongeza sauti ya muziki. Wala sisemi vijana waache kuyashughulikia magari yao. Hamu ya kuchukua kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kila mtu na kukifanya kiwe chako ni hamu nzuri. Hata sisi tunaoandika tunafanya hivyo hivyo na maneno ya watu wote. Lakini kuna kubadilisha ili uonekane, na kuna kubadilisha ili ufike. Historia ya barabara zetu iliandikwa na hao wa pili.

Injini ilichukua miezi minne kutengenezwa, kwa kuwa pesa zilipatikana kidogo kidogo. Mzee wa Grogan alikataa kuanza kazi hadi binamu akubali kuwa msaidizi wake kila Jumamosi. Alimfundisha kufungua na kufunga, kupima pengo la plagi, kulaza kiganja juu ya boneti na kusema ni silinda gani iliyo mgonjwa. Springi zikarudi za kawaida. Chini ya kasha la oili ikafungwa bamba la chuma. Taa nyekundu ikarudi mahali pake. Ile ekzosi pana ipo bado gerejini, imesimamishwa ukutani. Kuku wa jirani wanalala ndani yake.

Mwezi wa Desemba tulikwenda tena Taita, kuweka msalaba. Tulipita lile tuta karibu na Mtito Andei kwa gia ya kwanza. Baada ya hapo binamu alizima redio, akafungua dirisha, tukaendelea hivyo hadi Voi, hakuna aliyezungumza. Tulipofika kwenye ile kona ya chini ya nyumba, Shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono ina unga.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Leo sikuwasikia mkija."